Kilo Moja ya Mudrick

Nasra alifika zahanati kabla ya wenzake wote, Mudrick mgongoni, na leo alikuja na maringo kidogo. Kliniki iliyopita mtoto alionekana kanenepa ghafla, akina mama wakamsifu Nasra mpaka akaona haya. Uji wa ulezi na ufuta tu, aliwaambia, hakuna uchawi.

Nesi Lea, aliyekuja kwa zamu kutoka kituo cha kata, alikuwa ametundika mizani yake kwenye boriti. Akamvalisha Mudrick suruali ya kupimia, akamning'iniza. Mshale ukachezacheza, ukatulia.

"Mama Mudrick, huyu kapungua karibu kilo nzima. Alikuwa anaumwa?"

"Wallahi hata mafua hajapata."

Nasra aliutazama tena mshale. Naima, mtoto wake wa kwanza, alianza hivihivi, akapungua mdogomdogo mpaka wakamzika.

Shaibu, mtendaji wa kijiji, alikuwa kwenye benchi akisimamia. Akadakia, "Ufuta wote mnauza, watoto mnawalaza njaa! Nenda hospitali ya wilaya leo hii, ukirudi uje ofisini kujieleza."

Nasra alimkumbatia mwanawe, akawaza auze kuku yupi apate nauli ya Kondoa wilayani.

Akapimwa mtoto wa Stara, mama aliyefuata kwenye foleni. Naye kapungua kilo. Wa tatu vilevile. Minong'ono ikaanza kwenye foleni. Lea akaiendea mizani ya zahanati, ile inayotumika siku zote, iliyoning'inia nyuma ya mlango. Haikubeba kitu, lakini mshale wake ulikuwa umegota kwenye kilo moja.

"Hapa mlipima nini?" akauliza. "Springi ina kiasi chake. Ukiivuta ikavutika, ukiiachia inarudi. Ukiizidishia hairudi tena, inabaki imelegea na kuzidi kulegea. Kliniki iliyopita watoto wote mliwapa kilo ya bure."

Akina mama wakatazamana, halafu wote wakamgeukia mtendaji. Siku ya Idi ya kuchinja, kabla tu ya kliniki ile, msikiti ulitaka nyama igawanywe kwa haki, na ni Shaibu huyuhuyu aliyefungua zahanati akaitoa mizani. Paja zima la ng'ombe lilitundikwa kwenye ndoano ya watoto, watu wakashangilia mshale ulivyokimbia. Nasra alikuwapo. Alipokea fungu lake, akamwombea mtendaji dua.

"Tulitaka kila mtu apate sawa," Shaibu alisema, kofia mkononi.

Lea akaisoma upya kadi. Mudrick hakupungua hata kidogo. Tangu kabla ya Idi kaongezeka vizuri tu. Nasra alicheka, akalia, akacheka tena, akampa titi mwanawe palepale. Alhamdulillahi, alhamdulillahi! Stara hakucheka. Wa kwake, aliyepitishwa kuwa mzima kwa kilo ile ya bure, aliambiwa abaki apewe chakula cha lishe.

Jioni Lea alianza kufungasha mizani yake. Mizani mpya ya zahanati ilishaombwa wilayani zamani, jibu likawa ni kusubiri.

"Mwezi ujao tutatumia hii hii yetu," Shaibu aliwatuliza. "Tutakuwa tunatoa kilo moja kwa hesabu ya kichwani."

Nasra, Mudrick kalala mgongoni, akaishusha mizani ile mbovu kwenye msumari, akampakatisha mtendaji.

"Ipeleke wilayani waione," alisema. "Na Idi ijayo nyama tugawane kwa macho, mtendaji. Wanaotakiwa kupimwa ni watoto."