Lynn Aulizwe Mwenyewe

Nyaguthii alikuwa amemweka kitukuu wake kwenye beseni, akimmwagia maji ya vuguvugu mgongoni, aliposikia kondoo akilia nje ya ua wa miiba ya kayaba. Hakuinua kichwa. Alijua ni akina nani na wamekuja na nini, kwa sababu mwanawe Gatimu alishamwambia tangu Jumatano, huku akizungusha kofia mkononi kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mzee," alimwambia mtoto, "leo una wageni. Hebu tukauke."

Mtoto aliitwa Ngatia, jina la marehemu mume wake, na kwa hiyo Nyaguthii alimwita mzee, au bwanangu, hata alipokuwa akimpangusa kamasi. Mama wa mtoto alikuwa mjukuu wake Lynn, msichana wa miaka kumi na saba, ambaye Nyaguthii alimlea mwenyewe hapa Endarasha kwa sababu mama yake, dada ya Gatimu, alikuwa mbali, akiuza nyanya soko la Kagio.

Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Mwalimu Phoebe Adhis, anayefundisha Kemia kwenye sekondari ya kutwa, alikuwa amekuja kwa miguu mpaka hapo nyumbani kusema kwamba nafasi ya Lynn katika Kidato cha Tatu bado ipo, na hakuna wa kumfukuza. Lynn alisikiliza, akashukuru. Lakini asubuhi hii, akikoroga uji, alisema bila kumtazama bibi yake, "Cucu, labda nikubali tu kuolewa. Nimewachosha."

"Mimi nikichoka nitakaa chini," Nyaguthii alimjibu. "Wewe unataka nini?"

Lynn aliepua uji. Na sasa wageni walikuwa mlangoni, naye amejificha nyuma ya pazia.

Mbele alitangulia Mathenge, baba ya kijana aliyempa Lynn mimba, ndani ya koti lake la harusi za watu. Nyuma yake alikuja kijana mwenyewe, Mwai wa Kidato cha Nne, mrefu kama mlingoti wa simu, amekumbatia kreti ya soda na kutazama viatu vyake. Nje walikuwa kondoo jike na mbuzi jike, wachanga wote wawili, wale ambao Wagikuyu huanza nao wanapotaka kumwekea msichana alama. Wanyama hao wakishaingia ndani ya boma, msichana ana wenyewe, na mwingine akija kumposa anaambiwa amechelewa.

Gatimu alikuwa tayari ameshika kamba.

"Gatimu," mama yake alisema polepole, "wafunge hapo nje kwa ua. Kuna nyasi."

"Mama, kuna baridi."

"Kondoo amevaa sweta tangu azaliwe. Mfunge nje."

Walikunywa chai, wakala mukimo wa viazi na mahindi, wakasifu mvua. Nyaguthii hakuwaharakisha. Mathenge akafuta mdomo na kuanza.

"Mama, sisi hatujakuja na kelele. Hawa watoto walikosea, na tuko hapa kurekebisha. Harusi itangoja mpaka wafikishe umri, hiyo tunajua, serikali imesema. Lakini tuweke alama. Lynn aje kwetu alelee mtoto huko, nyumba iko na nafasi. Ati mtoto alelewe na shosho na sisi tupo?"

"Umesema vizuri. Na Mwai Jumatatu atakuwa wapi?"

"Shule. Huyu ni kandideti, mama, mwaka huu anafanya mtihani wa mwisho."

"Na Lynn?"

"Si nimesema atakuwa kwetu."

"Kwa hiyo walikosea wawili, mmoja anaenda darasani, mmoja anaenda jikoni." Nyaguthii alimgeuza mtoto begani. "Nauliza tu, nielewe."

Mathenge alikohoa. Gatimu ndiye aliyejibu.

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Kila Jumapili nikisimama kusoma matangazo naona watu wanaangaliana. Hata huyu Lynn anaumia. Tumalize hii maneno."

Hakuwa mtu mbaya, Gatimu. Lynn aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, ni yeye aliyembeba mgongoni kupita matope mpaka barabarani. Ndiyo maana Nyaguthii hakumkaripia. Neno hapana lilikuwa limemjaa mdomoni, lakini aliona wazi kwamba akilitema, atakuwa amefanya yale yale wanayofanya wao, kumjibia msichana aliye nyuma ya pazia akisikia kila kitu. Akalimeza.

"Mmeleta soda," alisema. "Siku zetu ilikuwa pombe ya muratina, sasa tumeokoka, ni sawa. Lakini hata siku za muratina hakuna mzee aliyeonja kabla msichana hajaulizwa mbele ya watu. Anapewa glasi. Akinywa kidogo na kumpa mzee wa kwao, tunakunywa sote. Gatimu, mke wako aliulizwa?"

"Aliulizwa."

"Mimi pia niliulizwa, na nilikuwa na aibu kuliko huyu. Basi Lynn aulizwe mwenyewe."

"Hiyo huwa ni ya siku ya ruracio," Mathenge alisema. "Siku ya mahari yenyewe. Leo ni alama tu."

"Alama ya nani, kama mwenyewe hajasema? Mkiogopa jibu, rudini na kreti yenu."

Gatimu aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika kidogo. Alikuwa anacheka. Akafungua soda, akamimina, akaita, "Lynn, kuja."

Lynn alitoka nyuma ya pazia, sweta yake ina doa la maziwa kifuani. Akapokea glasi. Mapovu ya soda yakasikika. Nyaguthii alijiinamia, akaanza kumfunga mtoto vifungo ambavyo vilikuwa vimeshafungwa, ili msichana asisome chochote usoni mwake. Kama atakunywa, alijiambia, nitawaruhusu kondoo na mbuzi waingie, na nitanyamaza.

Lynn alimtazama Mwai kwa muda. Kisha akainama, akaiweka glasi mezani mbele ya Mathenge, imejaa vile vile.

"Sijaimwaga, Baba Mwai," alisema. "Nimeiweka tu. Nikimaliza shule, mkitaka, mtaniuliza tena, na nitajibu tena. Jumatatu narudi darasani."

"Umefundishwa haya maneno," Mathenge alisema.

"Mimi nimefundishwa Kemia na Hesabu, na sijamaliza."

Nyaguthii aliendelea na vifungo, lakini shingo yake ilinyooka yenyewe.

"Mtoto ni damu yenu, hatufichi," alisema. "Mwai, kuja hapa. Keti. Fungua mikono."

Akampakatisha mtoto kabla hajakaa vizuri. Kijana alimshika kama mtu aliyepewa mtungi wa mafuta. Ngatia akamtazama, akamlowesha suruali.

"Hapo sasa mmejuana," Nyaguthii alisema. "Nepi ziko kwenye kamba."

"Nitakuja kila Jumamosi," Mwai alisema, na kwa mara ya kwanza akaangalia watu machoni. "Kufua nepi, na kumshika mtoto wakati Lynn anasoma. Baba, mimi nilikuambia nyumbani, hukusikia."

"Utakuja, na utakaa hapa hapa ninapowaona. Na jambo lingine. Nimempeleka Lynn kwa sista, muuguzi wa kliniki, ameelezwa njia za kupanga uzazi na amechagua yake. Wewe pia utaenda uelezwe, masikio yako yasikie. Mtoto wa pili atakuja mkishaajiriwa."

Mathenge na Gatimu waliangalia dari kana kwamba imeanza kuvuja. Nyaguthii hakuona haya. Tangu zamani, mambo ambayo msichana hawezi kumuuliza mama yake humuuliza cucu, na cucu anayejibu nusu amemwacha mtoto gizani.

Mathenge alisimama. Alionekana kama atatoka bila kuaga. Kisha akainama juu ya mwanawe, akashika kisigino cha mtoto kwa vidole viwili.

"Ana miguu ya kwetu," alisema.

"Ndiyo. Atatembea sana," Nyaguthii alimjibu.

Kondoo na mbuzi wakarudi walikotoka, na soda zikabaki.

Jumatatu, ilipokaribia saa ya mapumziko, Nyaguthii alimfunga mtoto mgongoni akateremka mpaka shuleni. Wanawake wa sokoni walikuwa wamekaa na viazi vyao mkabala na geti. Mwaka mzima alikuwa akipita hapo akiwasalimia kwa sauti ya chini, kwa aibu.

"Shosho, unatafuta nani?" askari wa geti aliuliza.

"Natafuta Lynn wa Kidato cha Tatu," alisema, kwa sauti iliyovuka barabara ikawafikia wale wa viazi. "Ni mjukuu wangu. Nimemletea mtoto wake anyonye, halafu arudi darasani."

Askari akamfungulia geti lote, lile la magari.