Diski Tatu za Tayeb

Udi ulianza taratibu, kama inavyotakiwa. Wimbo ulipoisha zikavamia dufu za mwisho wa sherehe na vigelegele juu yake, kisha udi ukarudi na wimbo mwingine wa mwanzo, kana kwamba wageni ndio kwanza wanaingia. Shedlia akaweka chini gilasi yake ya chai.

"Wifi, umemkatakata kaka yangu," alisema.

Monjia akausimamisha muziki. Hawakuwa wamekaa chumba kimoja tangu arobaini ya Tayeb, mume wa Monjia. Siku ile Shedlia alimkuta mjane akifunga vitu vya marehemu kwenye maboksi, akamwambia mbele za watu kwamba ana haraka ya kumsahau. Wala havikutupwa, vilihamia naye kwenye nyumba hii ndogo ya Tunis. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Leo Monjia alimwita kutoka mji wa Testour aje asikilize tamasha la zamani, ambamo Shedlia, akiwa bado msichana, aliitikia nyuma ya kaka yake mwimbaji. Diski tatu za tamasha hilo zilikuwa zimeanza kuchunika, ndiyo maana Monjia akazihamishia kwenye kompyuta. Hakujua kwamba isipoambiwa diski ipi inatangulia, mashine hupanga nyimbo za kwanza za diski zote, kisha za pili zote, ikafanya achari ya usiku mzima wa maluf, muziki wa jadi wa Tunisia.

Akavuta kiti, akavaa miwani. Nyimbo zote akazipa jina moja la albamu, na jina la kundi, si la mwimbaji mmoja mmoja. Kwenye diski ya udi akaandika moja. Kisha mkono ukasita. Wino wa zile nyingine mbili ulikuwa umefutika, na zote mbili zilikuwa na dufu, zote zilikuwa na vigelegele.

"Ipi ya pili?" aliuliza, bila kugeuka.

Shedlia akasogea karibu na kompyuta. Kisha akasema kwamba katikati ya tamasha uzi wa udi ulikatika, Tayeb akawaomba watu radhi, akawachekesha huku akifunga mwingine. Wakatafuta. Wakasikia kicheko cha ukumbi, na sauti yake ikiwaambia wasiondoke, mkewe alikuwa bado hajamaliza kumsifia mumewe kwa jirani yake. Monjia akacheka, akafunika mdomo. Alikuwa amesahau kabisa kwamba alikuwa ukumbini usiku ule, safu ya mbele, na jirani yake alikuwa Shiraz, mke wa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi.

"Alikuwa anakutazama wewe tu," Shedlia alisema. "Sisi waitikiaji tulikuwa tunakuonea wivu. Mimi zaidi ya wote."

Monjia akaandika mbili, kisha tatu, akahifadhi. Orodha ikajipanga upya yenyewe. Hakuna aliyetaja arobaini. Monjia alimmiminia wifi yake chai, akamwongezea lozi, akarudisha tamasha mwanzo.

Safari hii hakuna kilichovamia. Wimbo ulitelemka ndani ya mwingine, makofi yaliyoanzia mwisho wa diski ya kwanza yakaendelea kwenye ya pili. Uzi ukakatika, ukafungwa. Tayeb akaimba ubeti, akaunyanyua, akauachia kwa waitikiaji.

Shedlia alikuwa ameinua kidevu, macho yamefumbwa, pumzi imeshavutwa, midomo ikianza kufunguka.