Jaribio la Ishirini na Tatu

Watu wa maharusini walimwita Kimya, na jina lenyewe alijitakia. Kila akiwasha kamera yake alikuwa anainua mkono juu: "Kimya jamani, narekodi!" Bibi harusi kimya, mashangazi kimya, hata kitoto kichanga kikilia kilitolewa nje kwa amri yake. Mama yake mzazi alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo sokoni aliitwa Kengele. Miaka thelathini aliuza mitumba kwa mdomo wake tu, bila bango wala spika, na mtu aliyeingia mwanzo wa soko alikuwa ameshajua bei ya shati lililotundikwa mwisho wa soko. Shule hakuingia hata siku moja. Kusoma hajui, kuandika hajui. Mali yake yote ilikuwa kooni.

Na kooni humohumo ndimo ugonjwa ulimochagua kukaa. Hebu niambie, mwili wote huo, miguu ipo, mgongo upo, ugonjwa uende kukaa kwenye koo la Kengele! Daktari hakuzungusha maneno. Alisema Alhamisi watafanya upasuaji, wataondoa kisanduku cha sauti, na mama atakuwa anapumulia tundu la shingoni. Uhai upo. Ila kuongea, basi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, kisha akamgeukia mwanawe.

"Leo siku gani?"

"Jumatatu, mama."

"Basi kesho ulete hiyo kamera yako nyumbani."

Kimya alielewa palepale mama anataka kusema nini. Baba yao alikufa Kimya akiwa na miaka mitatu, na mdogo wake, Kitinda, akiwa bado tumboni. Alikufaje, alikuwa mtu wa namna gani, kwa nini nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja, mama hakuwahi kusema. Walipouliza wakiwa wadogo waliambiwa, "Mtajua mkikua." Wakakua. Wakauliza tena, wakaambiwa, "Mtajua mkizaa." Sasa Kitinda, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Nitamwambia mjukuu wangu habari za babu yake," mama alisema kwa ile sauti iliyobaki, ya kukwaruza. "Na nyinyi mtasikia humohumo. Nitasema mara moja tu. Sirudii, maana yananiuma."

Mara moja tu! Umwambie hivyo fundi wa kurekodi, na hasa fundi aliyeungua. Maana mwezi uliotangulia Kimya alikuwa ameaibika. Babu wa bibi harusi alisimama kumwaga baraka zake, mzee wa sauti ya chini, anasema neno anapumzika, anasema neno anapumzika. Kimya alikuwa ameiacha kamera ijipimie sauti yenyewe. Basi kila mzee aliponyamaza, kamera ikadhani haisikii vizuri, ikajipandisha, ikajaza mshindo wa shhh kama mvua juu ya bati, na maneno yalipokuja nusu yake yakazama humo. Wiki mbili baadaye mzee akafariki. Ndugu walipokuja kuomba ile sauti yake, Kimya alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaapa kuwa hilo halitamtokea tena.

Jumanne asubuhi alifika kwa mama na mabegi mawili. Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, hizi mpya zisizo na kioo cha kuakisia picha ndani, picha yake nzuri kupita maelezo lakini masikio yake ya kitoto. Alizima friji. Akazima feni. Akatundika mablanketi mawili dirishani na moja mlangoni ili sauti isigonge kuta na kurudi. Akatoka nje kumbembeleza seremala wa nyumba ya pili aache kupiga nyundo.

"Mpaka saa ngapi?" seremala akauliza.

"Nusu saa tu, kaka yangu."

"Ya harusini au ya kweli?"

Mama alicheka aliposikia hayo kupitia ukutani. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevaa gauni jipya na mtandio wa kijani, amejipaka mafuta usoni kama anayekwenda kupokea mgeni.

"Hesabu, mama. Moja mpaka kumi, kwa sauti yako ya kawaida."

"Ya kawaida ipi? Hii ndiyo iliyobaki."

Akahesabu. Kimya akavaa hedifoni, akasikiliza. Jaribio la kwanza, maiki ya ndani ya kamera: mchanga mtupu. Mchanga ndilo jina alilouita ule mshindo wa shhh. Jaribio la pili, maiki ndefu juu ya kamera: afadhali, lakini mbali. La tatu, maiki ileile shubiri moja kutoka mdomoni. La nne, la tano. Alishusha sauti ya kamera mpaka alama ya pili na kupandisha ya maiki yenyewe, kwa kuwa mchanga unatoka kwenye kamera, hautoki kwenye maiki. Na hapo, kwa kweli, pakawa patamu. Alitaka vijiti vya kijani vya kupimia sauti, vinavyocheza pembeni mwa skrini, vifike robo tatu, visiguse kile chekundu cha juu. Lakini mama akinong'ona vilianguka chini kabisa, akikohoa vikaruka mpaka chekundu. La sita, la saba, la nane. Kila jaribio alilitangaza kwa sauti mwanzoni ili baadaye asichanganyikiwe.

Kwenye jaribio la tisa mama hakuhesabu. Alikuwa amekaza macho kwenye lenzi, mikono amekunja mapajani.

"Mjukuu wangu," alisema, "babu yako alikuwa..."

"Subiri, mama! Subiri kwanza. Hayo usiyapoteze, bado sijawa tayari. Wewe hesabu tu."

Mama alifumba mdomo. Akahesabu.

Kimya alimwekea maiki ndogo ya kubana kifuani, ikasugua mtandio, ikaleta vishindo. Akauondoa mtandio. Ikasugua gauni. Akaibandika kwa plasta kwenye ngozi, chini kidogo ya ule uvimbe wa ugonjwa, na vidole vyake vikagusa lile koo, na mama akajikunja kwa maumivu. La kumi na nne. La kumi na tano. Seremala alichungulia pembeni ya blanketi: "Bado?"

"Bado!"

Jaribio la kumi na sita mama alijaribu tena. "Mjukuu wangu, babu yako alikuwa..."

"Mama, subiri, nakusihi. Pikipiki imepita."

"Wewe mtoto wewe. Mimi nimeuza nguo miaka thelathini, sijawahi kumwambia mteja asubiri."

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mama alijibu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na vijiti vikaruka vyekundu vyote. Kimya akaangalia vijiti. Ndiyo, mwenzangu, mama anakohoa, mtoto anaangalia vijiti. Simlaumu sana. Mtu akishaaibika kwa jambo moja, jambo hilo ndilo analoliona kila mahali.

Saa tisa alasiri kila kitu kilikaa sawa. Mchanga hakuna. Mwangwi hakuna. Alivua hedifoni akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mama, tumeiva! Hesabu mara ya mwisho kabisa, nihakikishe, halafu tunaanza yenyewe. Jaribio la ishirini na tatu."

"Moja," mama akasema. "Mbili. Tatu." Ilikuwa sauti nzuri, ya karibu, hata ulimi ulisikika ukigusa meno. "Nne. Tano. Sita." Kisha mdomo ukatamka saba na kilichotoka ni hewa. Akajikohoza. Akajaribu tena. Hewa.

"Umechoka, mama. Kunywa maji, upumzike. Kesho asubuhi hatujaribu chochote, tunaanza moja kwa moja. Kila kitu nimeshakiandika."

Akaondoka akiwa na furaha, tena akipiga mluzi. Kitinda alipopiga simu jioni alimwambia, "Utashangaa mwenyewe. Utadhani mama amekaa sikioni mwako."

Jumatano saa nne asubuhi alikuwa juu ya stuli akifunga blanketi la pili pale mama aliposhika kiti kwa mikono miwili na kuanza kuvuta pumzi kwa mlio wa ajabu. Seremala ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Hospitalini hawakungoja Alhamisi. Uvimbe ulikuwa umeziba njia ya hewa, na daktari alisema wasingemkata saa ileile wasingekuwa na mtu wa kumkata kesho yake. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipokuwa ukifungwa, mama alikuwa anamtazama Kimya na kuchezesha midomo. Kimya alimwambia, "Subiri, mama, utasema baadaye." Ni mazoea tu, mdomo ulishazoea.

Mama alipona. Hilo tushukuru. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano, amekonda, ana bomba dogo shingoni na kitambaa cheupe juu yake. Alijua kuomba maji kwa mkono, alijua kukataa uji kwa jicho. Lakini mkono hausimulii habari za mtu aliyekufa miaka thelathini iliyopita, na kalamu kwake ilikuwa kijiti tu.

Kitinda alijifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu akapiga simu: "Kaka, nitumie sauti ya mama. Nataka mtoto aisikie." Kimya akamwambia bado anaisafisha. Wiki ikapita, akasema kompyuta inasumbua. Mwisho uongo ulimwishia. Siku hiyo, mchana kweupe, alikaa mezani kwa mama, akafungua majaribio yote ishirini na matatu na kuyasikiliza moja baada ya jingine.

Lo, yalikuwa safi! Hajawahi kurekodi kitu safi namna ile. Mama anahesabu. Mama anakohoa. Mama anasema, "Mjukuu wangu, babu yako alikuwa..." na juu yake, nene, ya karibu, isiyo na chembe ya mchanga, sauti ya Kimya: "Subiri, mama!" Alijaribu kujikata, abakize ya mama peke yake. Alipojikata yalibaki maneno matano, zaidi ya hayo ni namba na kikohozi.

Akampigia Kitinda, akamwambia ukweli.

"Ulikuwa naye kutwa nzima," Kitinda alisema. "Kutwa nzima, kaka! Mtu yeyote mwenye simu mbovu angemrekodi akamaliza. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja iwe nzuri."

"Nani alikuomba nzuri?" Na simu ikakatwa.

Kimya aliweka kichwa juu ya meza akalia, kilio cha mtu mzima, kisicho na haya. Alilia mpaka akahisi mkono begani. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini wala amesikia mangapi. Alikuwa anaonyesha begi la kamera.

"Mama, haitasaidia. Hakuna sauti."

Mama akapiga meza kwa kofi, lile kofi la sokoni. Akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono mapajani.

Basi Kimya akaitoa. Hakutundika blanketi. Hakuvaa hedifoni, hakugusa alama yoyote. Aliiweka kamera juu ya meza, akabonyeza, akarudi nyuma.

Mama aliitazama lenzi na kuanza kusema. Pumzi ilitoka kwenye tundu la shingoni na kuingia, kitambaa cheupe kikipanda na kushuka, na midomo ikawa inakwenda taratibu, kisha haraka, kisha taratibu. Alisema dakika kumi na mbili nzima. Kuna mahali alilia, akajifuta kwa kiganja, akaendelea. Kuna mahali alicheka, akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono urefu wa mtu. Kimya alisimama pembeni amekodolea macho ile midomo, na safari hii hakumkatiza. Alifahamu maneno matano ya mwanzo tu, kwa sababu hayo alikuwa ameshayasikia. Yaliyofuata hakuwahi kumwacha ayaseme.