Paa Lililoharibu Macheo

Kiti kilitangulia kupanda mlima. Mwenye kukikalia alifuata nyuma taratibu, akipumzika kwenye kila kona. Hivyo ndivyo mambo yalivyopangwa katika Upeo Loji, na hakuna aliyeona ajabu. Kilikuwa kiti cha ngozi, kipana, chenye miguu ya mbao nzito, na kilikuwa mgongoni mwa Nzau. Alikuwa amekifunga kwa ukanda uliozunguka paji la uso wake, vile akina mama wa Ukambani wanavyobeba mitungi ya maji.

"Mama Nani, umeamkaje?" Ndunda alimtania kutoka nyuma. Yeye alibeba jiko la gesi, trei ya mayai na chupa za mvinyo. "Bwanako hajambo?"

"Cheka tu. Shingo ikikuuma utakuja kuniazima huu ukanda."

"Mwanamume hafungwi ukanda kichwani. Babu zako wanakuona."

"Wakiniona washuke wanisaidie kubeba."

Wageni walikuwa mume na mke kutoka Nairobi, waliokuja kusherehekea ndoa yao kwa kile ambacho tovuti ya loji ilikiita safari ya mlimani kwa miguu, pamoja na starehe zote. Miguu ilikuwa yao. Starehe zote zilikuwa migongoni mwa wapagazi.

Njiani walipita chemchemi. Zamani kijiji kizima kilichota maji hapo. Sasa iko ndani ya ua wa waya, na kazi yake ni kujaza bwawa la kuogelea na yale mabafu yenye dirisha kubwa la kutazamia bonde. Pembeni pamesimamishwa kibao kinachowakumbusha wapita njia kwamba maji ni uhai. Mgeni mwanamke alikipiga picha. Alisema kimemgusa.

Kileleni Nzau alitua kiti, akakipangusa, akakielekeza mashariki. Mgeni aliketi, akanyoosha miguu, akapewa kahawa. Jua lilichomoza upande wa Yatta kwa wakati wake, ingawa kwa mujibu wa bei ya loji na lenyewe lilikuwa limelipiwa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, vilima vikajitokeza kimoja kimoja. Jua lilipopanda zaidi, mayai yakiwa mezani, kitu kikawaka chini bondeni, cheupe, kikali kama taa ya lori inayokujia usoni.

"Hiyo ni nini?" mgeni aliuliza, kiganja juu ya macho.

"Ni mabati, mkubwa," Ndunda alisema, kisha akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

"Kila picha inatoka na hiyo doa," mkewe alilalamika. "Jaribu ukisimama huku. Aa, bado."

"Nani anaweka mabati mahali kama hapa? Si waweke nyasi? Nyasi ndiyo inapendeza."

"Nyasi inavuja," Nzau alisema kabla hajajizuia.

Mgeni alimgeukia kama mtu aliyesemeshwa na kiti. "Kwani unamjua mwenye hiyo nyumba?"

"Namjua."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

Ndunda aliinamia kikaango ili uso wake usionekane. Nyumba ile ilikuwa ya Nzau.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, yenye paa la mteremko mmoja kwa sababu paa la mgongo hula mabati mengi. Nzau na mkewe Mbithe walikuwa wameyanunua bati kwa bati, kila mshahara ulipoacha kitu, wakayarundika chini ya kitanda mpaka yakatosha. Paa lilipokwisha walifunga mfereji kwenye ukingo wake, na chini ya mfereji wakaweka tangi jeusi la plastiki. Kabla ya tangi, Mbithe alikuwa akichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, mahali ambapo ng'ombe nao hunywa. Ndipo mtoto wao Mumo aliposhikwa na homa ya matumbo, akalazwa hospitalini, akarudi nyumbani shingo imekuwa kama ya ndege. Tangu tangi lilipowekwa, hakuna aliyeugua. Majirani wasio na mfereji nao walikuja kuchota hapo maji ya kunywa, maana ya lori yalipanda bei kila mafuta yalipopanda, na mafuta yakishuka hayakuwa na habari.

Wageni waliposhuka, Nzau aliitwa ofisini. Meneja, Bi. Wanjugu, alikuwa msichana mwenye sauti ya upole, na ofisi yake ilikuwa na ukuta mzima wa kioo.

"Nzau, karibu, kaa. Hapana, si hapo, una vumbi. Simama tu, tuongee kama familia."

Nzau alisimama kama familia.

"Wageni wameandika maoni kwa mtandao. Chakula wamesifu. Kitanda wamesifu. Lakini macheo wamesema yameharibiwa na paa. Nimeuliza ni la nani. Ndunda alikataa kusema, lakini alicheka."

"Ni langu, meneja."

"Najua. Na hatukufukuzi. Tunataka kukusaidia. Kuna rangi ya kahawia imebaki stoo, ile tulipaka mbao za varanda. Chukua ya bure, upake leo, na siku yako hatutakata."

"Hiyo rangi iko na dawa ya mchwa, meneja. Mimi ndio nilibeba mikebe. Iko na picha ya fuvu."

"Ni kwa sababu ya mchwa."

"Na sisi tunakunywa maji ya hiyo paa."

"Si mchemshe?"

"Dawa haitoki kwa kuchemshwa."

Wanjugu aliitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi mezani, kama mtu anayeonyesha kwamba amesikiliza. "Basi nunueni maji. Una mshahara, si ndio? Mimi ningependa uendelee kuwa nao."

"Ama mtupatie mabati ya rangi, yale ya kiwandani."

"Bajeti ya mwaka imefungwa. Nimeongea na ofisi ya chifu, watakuja kutusaidia. Asante sana kwa kuelewa."

Nzau hakuwa amesema kwamba ameelewa, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Alipofika nyumbani, Serikali ilikuwa imemtangulia. Ilikuja kwa bodaboda, katika umbo la naibu chifu Mutunga, mikebe ya rangi imefungwa nyuma yake kwa mpira. Alikuwa amevaa kofia ya kazi na amekalia kigoda kivulini. Mbithe alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya vilima, ya kwanza ya msimu ule.

"Baba Mumo, umefika wakati mzuri," Mbithe alisema. "Chifu ananieleza kosa la nyumba yangu. Chifu, hebu rudia. Hii paa imeua nani?"

"Haijaua mtu, mwaitu, mama yetu. Imeharibu mandhari."

"Huyo Mandhari ni wa ukoo gani? Tumlipe mbuzi yaishe."

"Mama Mumo, usinichezee. Utalii unaleta maendeleo."

"Yamefika wapi? Nitoke niyapokee."

Mutunga alivua kofia, akajipepea, akaivaa tena. "Niko na ombi lingine, nje ya kazi. Nipatie maji kidogo. Hilo jua limenikausha."

Mbithe alifungua bomba la tangi, akamletea kikombe kilichojaa. Mutunga alikunywa bila kupumua, akakirudisha kwa ajili ya kingine, akanywa na hicho.

"Maji yenu ni tamu. Mnatoa wapi?"

"Kwa paa."

Naibu chifu alijifuta mdomo, akatazama mikebe. Mafuvu nayo yalimtazama.

"Hilo fuvu ni la mchwa," alisema hatimaye. "Si lenu."

"Sawa. Mimi sikatai rangi," Mbithe alisema. "Pakeni paa, pakeni mlango, mkitaka mnipake na mimi. Lakini kwanza mtutolee bomba moja kutoka ile chemchemi yetu. Hata la kidole. Hapo hamtanisikia tena."

Lilikuwa jambo la haki kiasi kwamba Mutunga mwenyewe alifurahi, akapiga simu loji palepale. Aliongea akitembea, mkono mmoja mgongoni, akasema ndiyo mara nyingi, akarudi.

"Amesema wazo lako ni zuri sana. Litapelekwa kwa wakurugenzi."

"Wako wapi?"

"Ng'ambo."

"Huko wanakunywa maji ya nini?"

"Sijui, mwaitu. Sijawahi kualikwa." Kisha akakumbuka kofia yake. "Nzau, mimi sitaki nguvu. Lakini kuna sheria."

"Sheria gani, Chifu?"

"Nikiitafuta nitaipata."

Nzau alimvuta mkewe nyuma ya nyumba, ambako kuku walikuwa wakioga mavumbi.

"Ukikataa?" Mbithe aliuliza.

"Kesho wanatafuta mpagazi mwingine. Wako wengi pale getini kila asubuhi. Na karo ya Mumo iko kwa hiyo kazi."

"Na ukikubali?"

Nzau aliangalia mawingu. Mbithe naye aliyaangalia. Wote wawili walikuwa wameyangoja tangu mwezi wa sita, tangi likishuka pete kwa pete.

"Panda," Mbithe alisema. "Lakini ujue ni wewe umepanda. Usiniambie baadaye ni chifu."

Kabla mumewe hajaweka mguu kwenye ngazi, alichomoa kiwiko cha mfereji kilichoingia kwenye tangi, akaufunga mdomo wa tangi kwa karatasi ya nailoni na kamba, fundo juu ya fundo. Maji yaliyobaki ndani hayakufika nusu.

Nzau alipaka. Bati lilikuwa moto, na rangi ilinuka hata machozi yakamtoka, jambo lililomfaa kwa sababu hakuna aliyeweza kumuuliza anachokililia. Kila alipopitisha brashi, mng'aro ulizimika, na nyumba ikazidi kufanana na udongo uliokuwa chini yake. Mutunga alisimamia kutoka kivulini. "Hapo umeruka," alisema mara kwa mara, kwa sauti ya fundi mkuu.

Bati la mwisho lilipokwisha, simu ya Mutunga iliita. Aliweka sauti juu ili wote wafaidi.

"Chifu, asante!" ilikuwa sauti ya Wanjugu, yenye furaha ya kweli. "Wageni wako hapa varanda na darubini. Wanasema sasa bonde ni zuri sana. Ni kama hakuna mtu anaishi huko."

"Tunashukuru, madam."

"Nzau mwambie asante pia."

"Unaambiwa asante," Mutunga alisema, akatafuta bodaboda yake haraka, maana matone ya kwanza yalikuwa yamemwangukia kofiani.

Mvua ilishuka kama inayodai kitu. Iligonga paa, ikateremka mfereji, ikapita kando ya tangi kwa kishindo, ikamwagika uani ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Nzau alisimama chini ya ukingo, brashi bado mkononi. Yalikuwa maji ya kutosha kuwafikisha Krismasi. Yalikata mtaro katikati ya ua, yakapita chooni, yakaenda zake. Kuku mmoja aliyasogelea anywe, na Mbithe akamfukuza kwa teke.

Kisha aliingia ndani mbio. Alitoka na sufuria ya ugali, akaiweka katikati ya ua, mbali na paa, mahali pasipo na kitu juu yake ila mbingu. Akatoka na ya chai. Akatoka na karai, beseni la kuogea, birika, sahani za bati, vifuniko vilivyogeuzwa, na ile sufuria kubwa ya harusi na matanga ambayo kikundi cha akina mama kiliiweka kwake.

"Baba Mumo, hiyo brashi utaikumbatia mpaka lini? Lete trei!"

Jirani wa juu aliona, akaelewa bila kuambiwa. Tangi lile alikuwa akilitegemea na yeye. Alitoa zake. Wa chini naye akatoa. Muda si mrefu nyua zote za upande ule wa mlima zilikuwa zimetandazwa sufuria, na watu wameloa chapachapa wakizisogeza kutoka kwenye matope, wakipigiana kelele juu ya ua.

"Mama Mumo! Hata kijiko nitoe?"

"Toa! Toa na meno ya dhahabu ya bwanako!"

Mvua hiyo haikukaa. Ilivuka vilima ikaenda kunyeshea wengine. Mbithe alitumbukiza kidole kwenye sufuria moja baada ya nyingine. Kilizama mpaka pingili ya kwanza, penginepo chini ya hapo. Yangetosha leo na kesho, kwa kubana.

Halafu mawingu yalipasuka upande wa loji, na jua la jioni likaangukia bonde lote mara moja. Paa la Nzau lilibaki giza, kahawia, la adabu. Lakini ua uliwaka. Sufuria zote ziliwaka, na vifuniko, na trei, na maji yaliyokuwa ndani, kisha ua wa jirani, kisha wa yule mwingine, ukingo mzima wa mlima ukimetameta hadi barabarani.

Simu ya Nzau ilianza kuita mfukoni. Aliitoa, akaliona jina.

"Ni nani?" Mbithe aliuliza, ingawa alijua.

"Meneja."

"Anataka nini?"

"Anataka tuziingize ndani."

"Umejuaje na hujapokea?"

Nzau aliiweka simu juu ya kigoda, ikaendelea kuita na kutetemeka, ikijisogeza yenyewe kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Mikono yake ilikuwa bado na rangi. Aliinama, akaishika sufuria iliyokuwa karibu kwa viwiko ili asiichafue, akaitoa kwenye kivuli cha nyumba, akaiweka juani pamoja na zile nyingine.