Sahihi ya Kumi

Kufikia saa tatu asubuhi Mama Pacha alikuwa ameshapapasa wanawake arobaini na mmoja. Kazi yake ndiyo hiyo: kusimama kwenye mlango mkuu wa jengo la ofisi za serikali, kupitisha mikono mabegani, kiunoni na tumboni mwa kila mwanamke anayeingia, kisha kusema "pita, dada" au "pita, mama". Mashine ya ukaguzi ilikufa mwaka juzi. Barua ya kuomba fundi ilipanda ghorofani na haikushuka tena, basi mikono yake ikawa ndiyo mashine.

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana jioni. Si kwamba nyumbani hakukuwa na chai. Huu ulikuwa mwezi wa nane hali chochote kabla ya saa nane mchana, kwa sababu chakula kikiingia lazima kitoke, na kwake yeye kilitokea tumboni, kulia kwa kitovu. Utumbo ulijisokota, madaktari wakakata kipande kilichooza na ncha iliyobaki wakaitoa nje. Juu ya ncha hiyo hubandikwa mfuko, na choo huingia humo bila kubisha hodi, awe peke yake au mbele za watu. Kazini aliwaambia amekatwa kidole tumbo.

Muuguzi alimfundisha mara moja tu, nusu saa, huku mgonjwa mwingine akikingojea kitanda. "Wenzako wapo wengi," alimwambia wakati anamfungia dawa. "Watafute, mtasaidiana." Angewatafuta wapi? Watu wa namna hiyo hawaweki kibao mlangoni. Aliuliza dukani kwa muuza dawa, akaambiwa wateja hawatajwi. Aliuliza hospitali, akaambiwa aulize wodini, na wodini wakamrudisha mapokezi. Akaacha. Mfuko uliotakiwa kukaa siku tatu aliukalisha wiki nzima, maana bei dukani ilikuwa imepanda mara mbili, na mifuko ya bure hospitalini iliisha tangu mvua zilizopita. Kingo zikiachia alizishika kwa plasta. Ngozi chini yake ilichunika ikabaki nyekundu, na kila alipoinama sare ilimsugua hapohapo. Alijikaza kisabuni na kusema pita, mama.

Choo cha wafanyakazi kilikuwa nyuma ya ngazi, na ufunguo wake ulikaa kwa msimamizi wa walinzi, mtu waliyembandika jina la Kanuni. Ukitaka kwenda unaandika kwenye daftari: jina, saa ya kwenda, saa ya kurudi.

"Kila siku wewe dakika kumi na tano," Kanuni alimwambia asubuhi hiyo, kidole kikiwa juu ya mstari wake. "Humo ndani unaogesha ukoo mzima?"

"Tumbo, bosi."

"Tumbo lako lina mambo. Mikataba mipya ni mwezi ujao, na kampuni inataka watu wenye afya kamili. Shauri yako."

Mama Pacha alicheka kidogo, cheko la kumridhisha mkubwa. Alikuwa na mabinti wawili wa darasa la tano na mama mzee, na unga ukimwagika hapa hakuna wa kuuzoa.

Saa nne aliingia mama mmoja mrefu wa makamo, gauni pana, faili la kahawia kwapani. Alinyoosha mikono kabla hajaambiwa, kama mtu aliyekwisha kuchoka na mlango huo. Mama Pacha alipitisha mikono mabegani, akashuka mbavuni, akafika tumboni, na vidole vikasimama.

Aliyajua mambo hayo kwa ncha za vidole: pete ngumu ya plastiki, kisha ulaini wa nailoni, kisha vuguvugu. Mikono yake ilikuwa imepita kwenye matumbo maelfu, na siku zote alikuwa akilikuta hilo kwake tu.

"Kuna nini hapo?" Kanuni aliuliza kutoka mezani kwake.

"Namkagua, bosi."

"Kama kuna kitu mpeleke kwenye pazia. Kanuni ni kanuni."

Nyuma ya pazia kulikuwa na kiti kimoja na ndoo ya deki. Yule mama alianza kufungua vifungo bila kuangalia mtu.

"Mwanangu, usishtuke. Ni ugonjwa. Mwenzako wa zamu ile nyingine alinivua, akaita na rafiki yake aje aone. Tazama, basi, niende zangu."

Mama Pacha aliukamata ule mkono uliokuwa kwenye kifungo. Aliuingiza chini ya sare yake na kuuweka juu ya mfuko wake mwenyewe.

Yule mama alikaa kwenye kiti.

"Tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Miezi minane sasa."

"Unaungua?"

"Mno."

"Tundu la mfuko unalikata kwa kipimo gani?"

"Naweka kifuniko cha soda, nazungusha kalamu."

"Kubwa hilo. Choo kinaigusa ngozi ndiyo maana inaliwa. Pima ncha ya utumbo wako wenyewe kwa karatasi, tundu likate libane, libakie na nafasi ndogo tu. Na plasta achana nayo. Hawakukwambia?"

Hawakumwambia. Miezi minane ya kuuma meno, ya kulala chali na kulia kimyakimya ili wanawe wasisikie, na dawa yake ilikuwa maneno ambayo hata nusu dakika hayamalizi. Mama Pacha alihisi hasira ikimpanda, na hakuwa na wa kumtupia.

Yule mama alikuwa mwalimu mstaafu. Alieleza harakaharaka huku akifunga vifungo: wako tisa, hukutana kila Jumamosi barazani kwa seremala ambaye naye ana mfuko. Hufundishana, hugawana mifuko, na anayelazwa hutembelewa. Hospitali imekubali kuwapa chumba na mifuko ya bure kila mwezi, ila kikundi kiwe kimesajiliwa, na usajili unataka watu kumi wenye vitambulisho.

"Tulikuwa kumi. Mmoja wetu, dereva, alifariki mwezi uliopita. Leo saa tisa faili linafungwa, tukikosa tunaanza upya mwakani." Alisita. "Na orodha hubandikwa kwenye ubao wa matangazo hapa chini, siku kumi na nne. Wengi wanatukimbia kwa hilo. Siwalaumu."

Alinyanyuka, akachukua faili lake. Hakumwomba Mama Pacha kitu chochote, na kuondoka bila kuomba kulimchoma Mama Pacha kuliko kama angemsihi.

Ubao wenyewe ulikuwa hatua tatu kutoka mahali aliposimama. Kila mfanyakazi wa jengo hilo aliusoma akipita, Kanuni akiwa wa kwanza. Mama Pacha aliendelea kupapasa watu. Alifikiria mkataba. Akawafikiria wanawe wakiambiwa shuleni kwamba mama yenu anabeba choo tumboni. Akafikiria pia Jumamosi, baraza la seremala, watu tisa ambao kwao hangehitaji kudanganya kuhusu kidole tumbo. Mwalimu hakushuka kutoka ofisi ya usajili. Ilipofika saa nane na nusu, Mama Pacha alikwenda mezani, akaomba ufunguo, akaandika jina na saa, akapita mlango wa choo na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne.

Karani wa usajili alikuwa anasafisha kucha kwa kibanio cha karatasi. Mwalimu alikuwa kwenye benchi mbele yake.

"Tisa si kumi, Mwalimu. Mtu wenu kufa si kosa la ofisi."

"Wa kumi ni mimi," alisema Mama Pacha. Alikuwa anahema kwa sababu ya ngazi.

Karani alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe si yule wa mlangoni? Mbona mzima tu, kila siku tunakuona."

"Naomba kalamu."

"Unajua hii inabandikwa? Watu watoe pingamizi."

"Pingamizi la nini?" aliuliza Mwalimu.

"Kwamba wagonjwa hawa siyo wagonjwa. Sikuandika mimi."

Mama Pacha aliandika majina yake matatu, lake, la baba na la babu. Aliandika namba ya kitambulisho. Penye kazi aliandika: mlinzi, mlango mkuu. Sahihi ilitoka kama ya mtoto wa shule. Karani alipiga mhuri, akatoa nakala, akampa yeye mwenyewe, kwa kuwa funguo za ubao hukaa kwa walinzi.

Alishuka, akafungua ubao, akaibandika kwa pini nne, usawa wa macho. Aliporudi mezani na kurudisha ufunguo wa choo, Kanuni alikuwa ameshalifungua daftari.

"Dakika ishirini na sita," alisema. "Na mlango wa choo haukufunguliwa, nimekwenda kugonga. Ulikuwa wapi?"

"Nimeandika hapo ubaoni, bosi."

Kanuni alikwenda. Alisoma kichwa cha habari midomo ikicheza, Kikundi cha Wanaoishi na Mfuko wa Choo, kisha kidole kikateremka jina kwa jina. Kilifika chini kikatulia. Aliporudi hakumtazama usoni, alimtazama tumboni, na akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Hii nitaipeleka kampuni," alisema. "Sina namna."

"Ipeleke. Sasa naomba ufunguo, safari hii nakwenda kweli. Mfuko umejaa."

Kanuni aliuchukua ufunguo kwa ncha za vidole viwili, akauweka mezani badala ya mkononi mwake. Kisha akamsogezea daftari.

"Andika saa," alisema.