Ng'ombe Waingie Bwawani

Mimi mdomo wangu sikuazima kwa mtu, na siku ile niliutumia wote. Injinia Kituyi alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa letu jipya, akituambia kwa sauti ya matanga kwamba halishiki maji. Tulikuwa tumeligeuzia kijito siku nne, likajaa hadi nusu, halafu maji yakaanza kuzama chini. Kufikia siku ya saba palibaki matope tu. Ati Jumamosi kampuni ingehamisha mashine ng'ambo ya kilima, na sisi tungoje karatasi ya nailoni ya kutandika chini, labda mwaka ujao, labda ule mwingine.

Wenzangu waliguna wakashika njia ya nyumbani. Mimi ningeenda wapi? Bwawa hilo lilichimbwa ndani ya shamba langu. Ekari mbili za mahindi nilizitoa mimi Jeruto, mjane, mbele ya baraza zima, baada ya jirani yangu Gichuru kukataa kutoa zake. Nilibaki na uwanja wa nyumba na robo ekari chini ya ukuta wa bwawa. Tingatinga ikakwangua udongo wote mzuri ikaenda nao. Kama maji hayakai, basi nilikuwa nimebadilisha shamba na shimo, na kwa shimo lile hata kiazi hakingeota.

Nilishuka nikalizunguka kwa hasira. Nikakumbuka bwawa la kwetu Sugoi, nilikozaliwa. Lilichimbwa kabla mama yangu hajazaliwa, nailoni haikuwepo, na mpaka leo halijakauka. Mbona hilo linashika? Nikatazama chini, nikaona nyayo zangu tu. Hapo ndipo nilipotaka kujizaba kofi. Siku ya kwanza kabisa Kituyi alizungusha seng'enge ili mnyama yeyote asikanyage humo, na sisi, watu wa ng'ombe tangu babu zetu, tukampigia makofi. La Sugoi lilikanyagwa na mamia ya ng'ombe kila siku, hadi udongo ukafunga kama sakafu ya nyumba ya zamani.

Nilimkuta Kituyi akifunga vyombo vyake. Nikamwambia anipe siku tatu na ng'ombe wote wa bonde hili. Nimpe haki yake, hakunicheka. Alisema udongo wenyewe ni wa mfinyanzi, ni mzuri, ila haukushindiliwa vya kutosha, kwa sababu roli ya kushindilia ilikuwa inakwama kila ikishuka. Akaniambia nijaribu.

Sasa, ng'ombe. Siku hizi kwetu kila mtu ana ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, anayelala juu ya saruji na kuoshwa kuliko watoto. Nani atamtia kwa matope? Nilianza na wangu, Malkia, lita kumi na nane za maziwa kwa siku. Nilikata seng'enge kwa mkono wangu, nikamwaga chumvi ya ng'ombe hapa na pale, maana ng'ombe ukimpiga atakimbia, lakini ukimpa chumvi atazunguka siku nzima. Malkia akazunguka akilamba na kukanyaga. Watu walisimama juu wakicheka. Na kweli, ng'ombe mmoja kwa shimo lote lile ilikuwa kichekesho.

Basi nikaenda kwa Gichuru, mwenye ng'ombe kumi na wawili. Nilimkuta dukani kwake akipima sukari, wateja wamejaa. Nilimwambia mbele yao kwamba alipokataa kutoa ardhi sikumsema hata siku moja, na leo siombi ardhi, naomba kwato. Aliendelea kupima.

"Mama Vivian," akasema mwishowe, "ng'ombe wangu wakiugua kwato je?"

"Utaita daktari. Mimi shamba langu nitaliitia nani?"

Alimpa mteja sukari yake, akafunga duka mchana kweupe. Saa nane ng'ombe wake walikuwa ndani ya bwawa, na bonde lilipoona Gichuru amekubali, kila mtu akafungua zizi. Siku ya tatu nilihesabu ng'ombe sabini na wanne. Malkia alishuka hadi lita kumi na moja. Ningesema sikujali, lakini ningekuwa nadanganya.

Jumamosi tulirudisha kijito. Kituyi alizuia mashine zisiondoke, na maji yalipofika nusu akafunga kijito, akachomeka mti wenye alama. Asubuhi ya kwanza alama ilikuwa palepale. Ya pili, palepale. Ya tatu maji yalikuwa yamepungua kidole kimoja, akasema hiyo ni kazi ya jua tu. Akafungua kijito tena, akapiga simu lori la mabomba ya kumwagilia mashamba lije. Watu wakaanza kubishana nani atapanda kabichi na nani kitunguu.

Mimi nilibaki ukingoni. Maji yalipanda polepole hadi yakafunika pembe ya mwisho ya ekari zangu, nilipolima miaka ishirini na miwili. Machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

Gichuru akaja akasimama kando yangu. "Mama Vivian, unalia na tumeshinda?"

"Nalilia shamba langu, Baba Njeri. Halitarudi tena." Nikajifuta kwa leso. "Na likirudi, basi maji yametutoroka, nitakuja tena kuomba ng'ombe wako."