Kumwaga Moto wa Shangazi

Kile kichwa cha treni ya mvuke walikiita Shangazi, kwa sababu kilinung'unika hata kikiwa kimepoa, na ole wake aliyekigusa bila kukisalimu. Asubuhi hiyo shaba zake zilikuwa zimesuguliwa hadi mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Saa nne kamili kilitakiwa kutoka kwenye stesheni ya kale, iliyobakizwa kwa ajili ya wageni na watoto wa shule, kikivuta mabehewa matatu. Na kwa mara ya kwanza aliyeachiwa kukiwasha peke yake alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita. Karakana nzima ilimwita Mkwe, maana dereva wa Shangazi ndiye aliyemzaa mumewe.

Msimamizi wa stesheni hakuufurahia mpango huo, na hakuuma maneno. "Siku moja tu," alimwambia dereva, Mkwe akisikia. "Akiboronga, natafuta mchochea makaa mwingine, na yeye anarudi dirishani kukata tiketi."

Mkwe alikata tiketi miaka minne. Alilijua lile dirisha kama mfungwa anavyoijua nondo.

Aliwasha moto saa kumi na moja alfajiri. Sasa ilikuwa saa moja kasoro, moto umeshika vizuri, naye anafuta vumbi kwenye ngazi huku akijiimbia, hadi mpaka-rangi aliyeitwa Brashi akaingia na ndoo yake.

"Mkwe! Umeamkaje?"

"Nimeamka na moto, kaka. Wewe je?"

"Mimi sijalala kabisa. Njoo uone kazi ya mikono, usije ukasema hukualikwa."

Vitu alivyopaka upya jana yake vilikuwa vimepangwa kwenye benchi vikikauka: namba za mabehewa, ubao wa choo cha wanawake, na mwishoni kibati kidogo chekundu chenye maandishi meupe: HAMNA MAJI.

Mkwe aliacha kutabasamu.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Si kwa Shangazi? Kilikuwa kinaning'inia kwenye mlango wa tanuru, kimechakaa, aibu tupu. Nikasema wageni wasije wakakiona."

"Brashi. Ulikitoa kabla Mvua hajajaza maji, au baada?"

"Mimi nijuaje? Mimi maji yangu ni tapentaini."

Mvua ndiye mwosha boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, na jina alilipata kwa kuwa hakuna siku aliyorudi kwao mkavu. Desturi ya karakana ilikuwa hii: anayemwaga maji ya boila ili alioshe hutundika kibati kile kwenye mlango wa tanuru, na hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kukitoa ila uleule uliokitundika, tena baada ya kujaza. Alfajiri Mkwe alikuta mlango mtupu. Akajisemea, basi, maji yapo.

Na kioo je? Alikitazama. Alikumbuka kabisa alikitazama. Kwenye Shangazi kuna kioo chembamba cha kuonyesha maji, kirefu kama kidole cha kati, na kilikuwa cheupe pe, kutoka juu hadi chini. Ila kioo kilichojaa na kioo kilichokauka ni mapacha. Mama yao mwenyewe asingewatofautisha. Mstari wa maji ukiwa katikati ndio unaosema kweli. Ndiyo maana mchochea makaa hafungui kiberiti kabla hajafungua kikoki kilicho chini ya kioo akaona maji yakichuruzika kwa macho yake.

Hilo hakulifanya.

Alfajiri ile alikuwa na kiberiti mkononi simu ilipoita. Mtoto wake wa miaka minne ameamka, hamwoni mama, analia. Bibi yake ameshindwa kumbembeleza. Mkwe akamwimbia kwenye simu ule wimbo wao wa kuvaa viatu, huku mkono wa pili unawasha matambara ya mafuta. Mtoto alipocheka, moto nao ulikuwa umeshawaka.

Sasa alipanda ngazi mbili mbili. Akakifungua kikoki.

Hakikutoka kitu. Hata tone.

"Vipi?" Brashi aliuliza kutoka chini. Sasa hakuwa na utani.

"Hakitoi."

"Labda kimeziba."

"Labda." Alikifunga, akakifungua tena. "Au labda hamna kitu humo ndani na mimi nachoma bati tupu."

Alijaribu kumpigia Mvua. Hapatikani. Akapiga nyumbani, amtafute baba mkwe, na simu ikapokelewa na sauti ndogo.

"Mama, Shangazi kaamka?"

"Kaamka, mama'ngu. Mpe babu simu."

"Babu ametoka. Amevaa viatu vya kung'aa. Sisi na bibi tunakuja tukuone unaendesha!"

"Haya. Haya, kipenzi." Akakata simu.

Baba mkwe hatembei na simu, na kwa miguu angefika baada ya nusu saa. Kizibo kikubwa cha juu, ambacho angekifungua achungulie, kilitaka spana ndefu, na spana ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye mfuko wa yuleyule mwenye viatu vya kung'aa. Aligonga ubavu wa boila kwa nyundo asikilize kama kuna maji. Lakini Shangazi amevalishwa koti la bati, na koti lilijibu neno lilelile kila mahali. Kuongeza maji? Hapana. Maji baridi juu ya chuma kikavu kilichoiva, hapo ndipo boila hupasuka likaondoka na paa.

Yalibaki mawili. Asubiri, au amwage moto.

Akiumwaga, hakuna treni saa nne. Shangazi huchukua muda wa saa nne nzima kupata mvuke. Abiria watajaa jukwaani na msimamizi atauliza ni nani, na dirisha la tiketi liko palepale. Akisubiri, na maji yakawemo, hakuna atakayejua lolote. Moto ulinguruma kwa utulivu, moto mzuri, wa rangi ya chungwa, moto ambao baba mkwe angeusifu.

"Mkwe, mzee yuko njiani," Brashi alisema. "Nusu saa si mwaka."

"Nusu saa ya boila kavu ni mwaka, Brashi. Toka humu ndani. Toka kabisa, na mlinzi aliye mlangoni mtoe naye."

Akashika reki ndefu, akafungua vyuma vya chini ya tanuru, akaanza kuuvuta moto. Makaa yaliporomoka kwenye shimo la majivu kwa kishindo, joto likampiga usoni, na kila alipovuta alihesabu mpigo wa moyo wake kwa kuwa hakujua ni upi ungekuwa wa mwisho. Alipomaliza alimwagia shimo maji, akatoka nje, akaketi chini kwenye kokoto kama mzigo ulioshushwa.

Baba mkwe alimkuta hapo. Alisimuliwa yote, Mkwe hakuficha hata wimbo. Mzee alivua koti, akapanda, akachomeka waya mwembamba kwenye kikoki, akauzungusha, akasukuma. Kipande cha magadi ya maji yaliyoganda, kigumu kama jino la mtoto, kikaruka nje. Nyuma yake yakafuata maji, mengi, ya vuguvugu, yakamlowesha mpaka kwenye viatu.

Boila lilikuwa limejaa tele. Mvua alikuwa amejaza.

Mkwe akaanza kulia, asijue analilia nini: uzima wao au upumbavu wake.

"Usinililie hapa," mzee alisema, akijikung'uta suruali. "Maji tunayo ya kutosha."

"Baba, nimemwaga moto bure."

"Hukumwaga bure. Uliwasha bure. Hapo ndipo pa kulia, si hapa."

Msimamizi alikuja mbio, saa mkononi. "Nani kamwaga moto?"

"Mimi," Mkwe akasema. Angeweza kuishia hapo. Kikoki kibovu kingembebea lawama yote. "Na ni mimi niliyewasha bila kupima maji."

Msimamizi akamgeukia dereva. "Umesikia? Nilikwambia nini?"

"Nimesikia. Leo sipandi naye." Mzee akavaa koti lake tena. "Leo. Jumamosi ijayo napanda naye, au utafute na dereva."

Treni iliondoka saa sita na nusu. Mvua, aliyefika amechelewa na kukabidhiwa koleo, alichochea kama anayezika mtu, na moshi mweusi ukafunika jukwaa.

"Mama, mbona wewe hupo juu?" mtoto aliuliza, amemng'ang'ania shingoni.

"Nilikosea, mama'ngu. Kosa kubwa."

"Umepigwa?"

"Sikupigwa." Macho yake hayakutoka kwenye bomba la moshi. Hakuweza kuvumilia. Akaukimbilia ukingo wa jukwaa, mtoto kiunoni, akapaza sauti kuishinda honi: "Kidogo kidogo, Mvua! Tandaza makaa! Unamkaba!"